Kurasa Zenye Matundu: Shajara ya Mradi wa Mabango ya Kukata

Januari 6

Sanduku limefika. Ndani yake mna majarida ya katuni za kuchekesha ya Uingereza ya miaka ya 1970: Shiver and Shake kwa wingi, Whoopee! za mwanzo, Monster Fun, Whizzer and Chips, na Beano chache. Nimeyapata kwa bei ya chini kabisa kwa sababu karibu kila nakala imekatwa mahali. Muuzaji aliandika kwenye tangazo lake kwamba hayamfai mkusanyaji. Mimi nilikuwa nikitafuta ya namna hiyohiyo.

Nieleze mradi wenyewe kabla sijaanza kuandika maendeleo. Soko la majarida haya linatukuza nakala safi: jalada halina alama, kuponi haijaguswa, zawadi bado iko ndani ya bahasha yake. Bei hupanda kadiri jarida lilivyokosa kuchezewa. Sipingani na wanaohifadhi nakala safi, maana bila wao tusingejua ukurasa mzima ulikuwaje. Lakini mhariri aliyechapisha mstari wa nukta na kuchora kimkasi kidogo pembeni yake alitaka ukurasa ukatwe. Mtoto aliyekata alifanya alichoombwa. Kwa hiyo nakala yenye tundu ndiyo iliyofika kwa msomaji wake, nayo inastahili kuorodheshwa kwa heshima ileile anayopewa mwenzake aliyekaa kabatini miaka hamsini.

Katika kila nakala nitaandika kilichokatwa ni nini, kimekatwa kwa mkasi au kuraruliwa kwa mkono, na upande wa pili wa karatasi palikuwa na nini. Hilo la mwisho ndilo linalonivuta kuliko yote. Karatasi ina pande mbili, na bango likienda ukutani linaondoka na ukurasa mwingine mgongoni.

Januari 18

Nimemaliza kupanga sanduku kwa tarehe na kuanza na Shiver and Shake. Jarida hili lilianza tarehe 10 Machi 1973 chini ya kampuni ya IPC ya London, likaishia Oktoba 1974 baada ya matoleo 79. Lilikuwa majarida mawili katika moja: Shiver, la mzimu na vitisho vya kuchekesha, na ndani yake Shake, la tembo, ambalo ungeweza kulichomoa. Mtindo huo haukuwa mgeni. Whizzer and Chips ilikuwa imeuanza tangu Oktoba 1969, Chips ikikaa tumboni mwa Whizzer, na wahusika wa upande mmoja wakivamia visa vya upande mwingine ili msomaji awasake.

Hazina ya Shiver and Shake iko kwenye jalada la nyuma. Huko ndiko lilikokaa bango la kila wiki lililoitwa Creepy Creations. Wasomaji walituma wazo la dubwana, wazo likichaguliwa mtumaji alipata pauni 1, na mchoraji akalipatia dubwana lile sura. Mengi yalichorwa na Ken Reid. La kwanza kabisa ni The One-Eyed Wonk of Wigan, dubwana la jicho moja lililopewa makazi Wigan, mji wa kaskazini magharibi mwa England. Kwa mtoto wa mji wa namna hiyo, kuona jina la kwao likibeba dubwana la rangi kwenye jarida la taifa zima ni jambo kubwa.

Reid hakuwa mgeni wa kazi hii. Roger the Dodger wa Beano, aliyeanza mwaka 1953, ni mkono wake, na Jonah, baharia wa nuksi, pia. Ukikaza macho kwenye mabango yake unaona kwa nini mkasi ulikuwa haukwepeki. Hajaacha nafasi tupu. Kila chunusi ina kivuli chake, kila unywele umechorwa peke yake, ufizi una mishipa, na kwenye ufizi huo jino limekaa upande kama kigingi kilicholegea. Nimekitazama kidole kimoja cha dubwana kwa kioo cha kukuzia nikakuta ukucha umepasuka, na ndani ya ufa pana uchafu. Hayo ni kwenye karatasi ya magazeti, kwa jarida ambalo kampuni yenyewe ilijua litatupwa baada ya wiki.

Sasa matundu. Jarida la namna hii ni karatasi zilizokunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine. Jalada la mbele na la nyuma ni karatasi moja. Mtoto aliyelivuta bango kwa haraka aling'oa na jalada la mbele likabaki likining'inia. Aliyetulia alikata akaacha ukanda mwembamba kando ya mkunjo, na jarida lake likabaki zima upande wa mbele. Kwenye sanduku hili ninazo za aina zote mbili, na naweza kusema bila kusitasita kwamba mmiliki mmoja alikuwa na mkono wa fundi. Kanda zake zina upana uleule kutoka toleo hadi toleo. Huyo alitumia rula.

Januari 27

Nimetenga matundu ya mabango na matundu ya kuponi, maana si jambo moja.

Kuponi iliyokatwa sana ni ile ya kumpa muuza magazeti. Baada ya wiki za zawadi, jarida lilimwomba mtoto akate kikaratasi, ajaze jina, ampelekee muuza duka ili awekewe nakala kila wiki. Hapo ndipo unapouona mpango mzima wa zawadi. Desturi ya kampuni ilikuwa kuanzisha jarida jipya kwa zawadi katika matoleo matatu ya kwanza, mtoto apate mazoea, kisha kuponi imfunge kwa muuza magazeti wa mtaani. Mauzo yakishuka baadaye, jarida lilitangaza habari njema kwa wasomaji wote, na habari hiyo njema ilikuwa kwamba linamezwa na jingine. Shiver and Shake ikaingia Whoopee! mwaka 1974. Whoopee! ikaingia Whizzer and Chips mwaka 1985. Whizzer and Chips ikaingia Buster mwaka 1990, na Buster ikafunga Januari 2000.

Kuponi zinaacha tundu baya kuliko bango, kwa sababu hukaa kwenye kona ya ukurasa wa ndani na upande wa pili huwa katikati ya kisa. Unasoma, unacheka, unafika mwisho, na fremu ya mwisho haipo.

Februari 2

Leo mradi umepanuka kwa namna ambayo sikuitarajia, nami nimejaa furaha.

Mtaani kwetu hapa Leicester kuna mzee mmoja tunayemwita Anko. Familia yake ilitoka Kampala mwishoni mwa 1972, baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limetoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Wakaja. Anko alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Hadi leo akiniona ananianza kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kampala cha dukani, kifupi na cha moja kwa moja.

Nilikuwa nimemweleza ninachokifanya. Asubuhi amegonga mlango, na mkononi ana daftari la shule lenye jalada la buluu.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba. Wewe iko na matundu," akasema, "mimi iko na vipande."

Daftari zima limebandikwa vipande vya majarida ya 1973 na 1974. Madubwana ya Creepy Creations yamekatwa kwa kufuata umbo la mwili, hadi kati ya vidole. Frankie Stein, dubwana la kuchekesha lenye jina la kuigiza Frankenstein, yumo mara nyingi. Sweeny Toddler yumo, kile kichanga cha hatari alichokibuni Leo Baxendale. Vichwa vya wahusika vimepangwa mstari kama picha ya darasa. Chini ya kila kimoja ameandika jina kwa penseli, herufi kubwa za mtoto anayejifunza kuandika upya katika nchi mpya.

Baba yake, ameniambia, alimnunulia jarida moja kwa wiki, siku ya Jumamosi. Nyumba waliyopanga ilikuwa chumba kimoja na hapakuruhusiwa kubandika kitu ukutani. Kwa hiyo ukuta wake ukawa daftari. Mama yake alimkorogea gundi ya unga wa ngano jikoni.

Nilimuuliza kama hakuona uchungu kukata kisa kilichokuwa nyuma ya picha.

"Stori nilisoma kwanza," akasema. "Nikisoma imeingia. Lakini ile sura, nilitaka ibaki."

Ameniachia daftari kwa muda nilipige picha. Nimelifunga kwa karatasi isiyo na tindikali na kuliweka mbali na dirisha.

Februari 9

Kazi ya daftari imeanza. Madubwana hayana shida kuyajua ni ya lini, kwa kuwa mfululizo wote unajulikana kwa mpangilio wake na ulikusanywa kitabuni na kampuni ya uchapishaji ya Rebellion mwaka 2018. Kazi ngumu ni vichwa na miili iliyokatwa kutoka visa vya kawaida. Frankie Stein alionekana kila wiki. Utajuaje huyu ni wa wiki gani?

Jibu liko mgongoni. Gundi ya unga inaachia pole pole, na vipande vingi vimeinuka ncha moja. Nimepitisha taa bapa ya LED nyuma ya kipande, nikakipiga picha, kisha nikaigeuza picha kwenye kompyuta ili kilichochapwa upande wa pili kisomeke. Karatasi ya magazeti ni nyembamba, mwanga unapita vizuri.

Kipande nilichoanza nacho ni kichwa cha Frankie, upana wake kama sentimita nne. Mgongoni mwake kimejitokeza kiatu, kipande cha uzio, na nusu ya puto la maneno lenye herufi chache. Nimekaa na herufi hizo na majarida yangu yakiwa wazi mezani hadi nikapata ukurasa wenye kiatu hicho, uzio huo, na puto hilo, mahali palepale. Nikafungua ukurasa wa nyuma yake, na Frankie yuko pale, mzima, akiwa na mdomo uleule uliofunguka. Nimepima kutoka ukingoni mwa ukurasa. Inalingana.

Tangu leo orodha ina safu mpya: kitambulisho cha mgongo. Nimefurahi sana kwamba kile ambacho mtoto alikipoteza kwa kukata ndicho kinachomrudishia tarehe.

Februari 23

Nimeacha mabango kidogo nishughulikie zawadi za kushikika. Huwezi kueleza bango bila kueleza zawadi, maana vilifanya kazi pamoja: zawadi kwa wiki za mwanzo, vitu vya kukata kwa wiki zilizobaki, kwa kuwa kitu kilichochapwa kwenye karatasi hakigharimu kiwanda chochote cha ziada.

Chimbuko la yote liko Dundee, Scotland, kwa kampuni ya D.C. Thomson. Toleo la kwanza la Dandy, la tarehe 4 Desemba 1937, lilikuja na kipenga cha bati kilichoitwa Express Whistler. Beano ikafuata Julai 1938 na kinyago cha karatasi, Whoopee Mask. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, karatasi ikaadimika, zawadi zikakoma. Kuanzia 1941 hadi 1949 Dandy na Beano zilipokezana wiki, hii wiki hii na ile wiki ijayo, huku watoto wakihimizwa kutoa karatasi chakavu zirudishwe viwandani. Majarida mengi ya miaka ya nyuma yalikwenda na mkondo huo, na ndiyo sababu mojawapo ya uhaba wake leo.

Nakala ya Dandy ya kwanza ikiwa na kipenga chake iliuzwa mnadani mwaka 2004 kwa pauni 20,350. Naiheshimu bei hiyo. Ila naitazama nikimfikiria mtoto wa Dundee wa 1937 aliyekipuliza cha kwake hadi kikapotea uani, na kwangu huyo ndiye aliyekipata zaidi.

Zawadi niliyoitengeneza upya leo ni mlipuko wa karatasi. Topper ilipoanza Februari 1953 ilitoa Big Crack-Bang, na Beezer ya Januari 1956 ikatoa Whizz Bang. Majina yalibadilika toka jarida hadi jarida lakini kanuni ni moja. Unachukua kadi ngumu ya mraba, unaikunja kona kwa kona iwe pembetatu. Unakata karatasi ya kaki nyembamba iwe pembetatu ya pili, unaibandika kwenye kingo mbili zilizo wazi ili izibe mdomo wa kadi, kisha unaikunja iingie ndani. Unashika ncha moja, unainua mkono, unaushusha kwa nguvu. Hewa inaikamata karatasi, inaisukuma nje kwa kishindo, PAA.

Kadi ya boksi la nafaka za asubuhi inafaa kabisa. Karatasi ndiyo yenye siri. Ya kaki nene ya kufungia vifurushi inatoka kwa uvivu na sauti ni hafifu. Nyembamba, ile inayonguruma ukiikunja mkononi, inatoa mlio wa risasi. Kila mlipuko unailegeza kidogo, hadi inapasuka kwenye mshono wa gundi. Kwa hiyo unaweza kujua bila kuambiwa kwa nini zilizobaki ni chache mno: zilizolia zimekufa kwa kulia.

Mpwa wangu wa miaka saba amezilipua zote nilizotengeneza. Kanipa taarifa kwamba ya kijani ilikuwa na sauti kubwa kuliko wenzake. Nimeiandika.

Machi 3

Nimepokea kwa posta kitikisa sahani cha Monster Fun, zawadi ya toleo lake la kwanza la tarehe 14 Juni 1975. Ni kifuko bapa, mrija, na kibofu cha kuminya. Unaficha kifuko chini ya kitambaa cha meza, sahani ya mgeni inakaa juu yake, unaminya kibofu ukiwa upande wa pili wa meza na sahani inacheza. Hiki hakiwezi tena. Mrija umekauka ukawa mgumu, na kibofu kimepasuka. Kimepigwa picha na kuwekwa kwenye boksi lake.

Machi 15

Monster Fun inastahili ukurasa wake peke yake, kwa sababu ndiyo iliyolitatua tatizo la upande wa pili.

Baxendale ni mtu aliyeijenga Beano ya miaka ya 1950 kwa Minnie the Minx, Little Plum na wanafunzi watundu wa Bash Street, akaondoka Dundee, akaiunda Wham! kwa kampuni ya Odhams mwaka 1964. Baadaye aliwashtaki waajiri wake wa zamani, D.C. Thomson, akidai haki za wahusika wake, na shauri likamalizwa nje ya mahakama mwaka 1987. Ni simulizi ambayo kila mchoraji anayefanya kazi kwa kulipwa kwa ukurasa angeijua. Kwa Monster Fun alianzisha Badtime Bedtime Books: karatasi ya katikati ya jarida, yaani kurasa 4, unaichomoa, unaikunja na kuikata, unapata kijitabu cha kurasa 8 za nusu ukubwa, chenye kisa kamili na jalada lake.

Tazama hesabu yake. Karatasi ya katikati haibebi kisa cha mtu mwingine. Pande zake zote mbili ni mali ya kijitabu. Ukikichomoa, jarida lililobaki linasomeka mwanzo hadi mwisho bila pengo. Mtoto hakulazimishwa kuchagua. Bango la jalada la nyuma lilimgharimu ukurasa mmoja, kuponi ikamgharimu mwisho wa kisa, lakini kijitabu hiki hakikumgharimu kitu, na juu yake kikampa kitu cha kuweka rafu kama mwenye maktaba. Naamini huu ndio ubunifu bora kabisa wa aina hii uliofanyika katika majarida ya kuchekesha ya nchi hii, na nasikitika kwamba Monster Fun yenyewe ilidumu matoleo 73 tu kabla ya kuingizwa ndani ya Buster mwaka 1976.

Nakala zangu za Monster Fun zinathibitisha. Nyingi hazina katikati, na hakuna hata moja iliyoraruka pengine. Waliochomoa walichomoa safi.

Kando ya hili nimeandika pia kuhusu Krazy, iliyoanza tarehe 16 Oktoba 1976. Wenyewe walitumia jalada la nyuma kama ficho. Lilichapwa lifanane na kitu kingine kisicho na hatia, ili ukiligeuza jarida mwalimu au mzazi asijue unasoma nini. Hapo mkasi hauhitajiki kabisa, na ukurasa bado ni kifaa cha kutumia.

Machi 30

Uhifadhi. Nitapita haraka.

Karatasi ya magazeti ya wakati ule ina lignini, kemikali ya asili ya mbao, na lignini ikipata mwanga na hewa inageuka rangi na kuzalisha tindikali inayokula nyuzi. Kwa hiyo giza, ubaridi na ukavu wa wastani. Nakala zote sasa ziko kwenye mifuko ya poliesta. Plastiki laini ya PVC haifai, inatoa mafuta yanayonata kwenye wino. Mipasuko ya mkunjo nimeiziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu unyevu kidogo unaiachilia tena siku mtu akitaka kuitoa. Alichokitumia mama yake Anko jikoni kilikuwa jamaa wa karibu.

Selotepu ya zamani siigusi. Pale ambapo zawadi ilibandikwa kwenye jalada pamebaki doa la rangi ya asali lililoingia hadi ndani ya karatasi, na plastiki yake imeshadondoka yenyewe. Doa hilo nalo linaandikwa kwenye orodha. Linaonyesha zawadi ilikaa wapi.

Matundu hayazibwi. Nimeshauriwa na zaidi ya mtu mmoja kuingiza nakala ya rangi pale palipokatwa ili ukurasa uonekane mzima. Sitafanya hivyo.

Aprili 12

Siku ya maktaba. Maktaba ya mtaa ilinipa meza mbili wakati wa likizo ya Pasaka. Meza ya kwanza ilikuwa ya kutazama: Shiver and Shake zenye matundu, daftari la Anko likiwa wazi kwenye kiegemeo, na taa ya LED ili watu wajaribu kusoma mgongo wa picha wenyewe. Ya pili ilikuwa ya kutengeneza.

Mabango ya Ken Reid yana mwenyewe. Rebellion walinunua hazina ya majarida hayo mwaka 2016, na baadaye Monster Fun waliirudisha madukani. Kwa hiyo sikutoa nakala za kukata. Nilifuata utaratibu wa 1973: mtoto alete wazo la dubwana, alipatie makazi mahali anapopajua, alichore, alikate mwenyewe.

Wamechora mengi mazuri. Limo dubwana la kituo cha basi lenye mlango tumboni. Limo la soko la Leicester lililotengenezwa kwa ndizi mbichi, na mchoraji wake, binti wa Kikongo wa miaka kama kumi, aliniambia kwa Kiswahili cha Bukavu kwamba linakula watu wanaominya matunda bila kununua. Limo moja la mfereji wa maji ambalo mwenyewe alikataa kulikata. Alilitazama, akautazama mkasi, akauliza kama anaweza kwenda nalo na karatasi yake yote. Nikamwambia ni lake.

Anko alikaa karibu na daftari lake muda wote. Wazee kadhaa waliolelewa hapa walisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea, wakataja walichokuwa nacho. Beji ya manyoya ya Gnasher, mbwa wa Dennis the Menace wa Beano, ile yenye macho yanayocheza, iliyotolewa na klabu ya Dennis the Menace iliyoanzishwa mwaka 1976, imetajwa na karibu kila aliyekuwa mtoto wakati huo. Mama mmoja alisema ya kwake ilibaki na jicho moja na hakuivua kwenye koti hadi koti likamkaa dogo.

Nilimsikia Anko akimweleza mvulana mmoja jinsi ya kukata kati ya vidole vya dubwana. Usizungushe mkasi, akamwambia. Zungusha karatasi.

Aprili 20

Hali ilivyo sasa. Shiver and Shake zote za sandukuni zimeorodheshwa. Monster Fun zimeisha. Whoopee! bado, na humo nasubiri kwa hamu World-Wide Weirdies, mabango ya Ken Reid yaliyofuata, ambayo yaligeuza majina ya mahali mbalimbali duniani kuwa madubwana.

Daftari la Anko limepigwa picha lote, mbele kwa mwanga wa kawaida na nyuma kwa LED. Vipande vyenye tarehe ya uhakika vimeshapita nusu. Vilivyobaki vinanipa shida kwa sababu mgongoni mwao pana weusi mtupu, yaani upande wa pili ulikuwa usiku, au kivuli, au nguo ya mtu, na hakuna mstari wa kushika. Nimeanza kupima umbo la weusi wenyewe na kulilinganisha na kurasa za visa vya vitisho, ambavyo ndivyo vyenye usiku mwingi.

Nimemrudishia daftari lake jana. Ameniuliza kama Whoopee! zangu zina Frankie, maana baada ya majarida kuungana Frankie alihamia huko, na yeye wakati huo alikuwa ameacha kukata. Anazo kurasa tupu mwishoni mwa daftari. Wiki ijayo namchapia nakala moja kutoka toleo la 1975, kwa matumizi yake ya nyumbani, na mkasi anao.